Gemu la Bad News darasani: zuri sana, ila msiliache peke yake

Walimu wenzangu wa sekondari, kama mmeshachoka kuwaambia wanafunzi wasiamini kila kitu cha mtandaoni halafu jioni unakuta haohao ndo wanaosambaza, jaribuni hili gemu linaitwa Bad News. Lilitoka 2018, limetengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na shirika la DROG la Uholanzi, ni la bure, linafunguka kwenye brauza bila kudanlodi kitu, na raundi moja ni kama dakika 15 hivi.

Kilichonikamata ni kwamba mwanafunzi hadanganywi, yeye ndo anakuwa mwongo. Anaanza na posti moja ya hasira, anaona wafuasi wanapanda, ila pembeni kuna kipimo cha kuaminika, ukidanganya kizembe kinashuka, kikifika sifuri umekwisha. Kila mbinu ya uongo anayoimudu anapata beji, nazo ziko sita: kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kugawanya watu, nadharia za njama, kumchafua anayekukosoa, na uchokozi wa mtandaoni.

Kwenye beji ya hisia darasa langu lilinyamaza kabisa. Binti mmoja alichagua kichwa cha habari cha kutisha, wafuasi wakaruka juu, akageuka akaniambia "mwalimu, kumbe ndo maana ile voisi ya watoto kuibwa niliituma hata sijamaliza kuisikiliza." Hakuna aliyemuuliza. Mimi nimefundisha somo hili kwa maneno miaka na sijawahi kupata jibu kama hilo.

Nyuma ya gemu hili kuna wazo la chanjo, alilianzisha mwanasaikolojia William McGuire miaka ya 1960: mpe mtu dozi dhaifu ya uongo akiwa salama, ukija ule mkali akili inautambua.

Sasa hapa nilipokosea mimi. Siku ya kwanza nilicheza nao tu, kengele ikalia, tukaondoka. Kesho yake nikawaletea habari tatu, mbili za kweli moja feki, na wengi wakasema zote feki! Kukataa kila kitu nako ni kutokujua kusoma habari, na inaniuma kuliko hata kudanganywa, maana mtoto akishafika hapo haamini hata tahadhari ya ugonjwa. Gemu linaonyesha mbinu za waongo, kuhakiki ni kazi yako wewe mwalimu. Kwa hiyo siku hizi kipindi cha pili nawafundisha kuacha ile tovuti kwanza, wafungue tabu nyingine watafute nani yuko nyuma yake na wengine wanasemaje, na picha waitafute kwa picha yenyewe, yaani waipakie kwenye mtandao wa kutafuta waone ilishatokea wapi. Picha moja ya mafuriko "ya jana" waliikuta ilishapostiwa miaka kadhaa nyuma, kelele zake msiulize.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mimi nilitumia la Kiingereza, kwa hiyo andikeni maneno magumu ubaoni mapema, na wawekeni wawili wawili kwenye simu moja, wakibishana kabla ya kubonyeza ndo wanajifunza zaidi.