Inter kwenye kibao cha ruti, grafiti ubavuni

Inter ni fonti ya bure ya Rasmus Andersson. Ilitoka 2017 kwa ajili ya skrini, na leseni yake ya OFL (leseni huria ya fonti) inaruhusu hata kazi ya kulipwa. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: stika za ruti za daladala na matatu, ambako inakaa jirani na herufi za grafiti za rangi ya kupuliza.

Chukua neno ILALA. Kwenye Inter, L zote mbili ni pacha na A vilevile. Jicho halikwami popote, linasoma na kupita. Ukiandika Ilala ndipo kasoro inapojitokeza: I na l zinakuwa vijiti viwili vinavyokaribia kulingana. Dawa imo ndani ya fonti yenyewe, kwenye swichi zake za hiari za kubadili maumbo ya herufi. Washa cv08, I ipate vikato vya mlalo juu na chini. Washa cv05, l ipate mkia. Kwa orodha ya nauli washa tnum, tarakimu zote ziwe na upana mmoja na zijipange wima.

Kanuni ya mafundi wa mabango ni sm 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3, kwa hiyo abiria aliye mita 15 anahitaji sm 12.5. Kwa ukubwa huo tumia Inter Display ya toleo la 4 (2023). Ile ya kawaida imepangiwa maandishi madogo, ukiikuza herufi zinaachana mno. Stika ya kukatwa kwa plota (mashine ya kukatia stika) isiwe chini ya uzito 500, yaani unene wa kati wa herufi, maana mistari myembamba hubanduka gari likioshwa.

Mchoraji wa grafiti anaiendea ILALA kivingine kabisa. Mguu wa L ya kwanza anaupitisha chini ya A, A ya mwisho anaichomoza mshale, I anainenepesha izibe upande wa kushoto. A mbili hazifanani kwa sababu kila moja imeegemea jirani wake. Anaanza na mchoro hafifu, anajaza kwa nozeli pana, anaweka kivuli upande mmoja tu, kisha mstari wa nje kwa nozeli nyembamba. Hapo mwisho ndipo wengi huharibu: mkono ukizubaa karibu na bati, rangi inachuruzika. Na kopo lisilotikiswa dakika mbili hivi hutema madonge.

Cha kukwepa ni fonti za “grafiti” za kupakua. A ileile inajirudia, haijui imekaa na nani, na bado haisomeki. Hasara mara mbili.

Kenya mgawanyo uko tayari tangu kanuni za matatu za 2003 za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi: utepe wa njano wenye maelezo ya ruti. Utepe mpe Inter, bati lililobaki mwachie mchoraji.

Nyota nne. Ya tano imepotea kwa sababu cv05 na cv08 huja zikiwa zimezimwa, na programu nyingi rahisi za kubuni hazina hata pa kuziwashia.