Ajira za muda za kaya maskini: nyota tatu na nusu kutoka kwa mwenye genge

Kamwene jamani. Watu wanaandikaga rivyu za hoteli na simu, leo mi nawaletea ya kazi ya majembe, zile ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, maana huku kwetu Kilolo milimani sioni kitu kingine kinachogusa akina mama wengi kwa mpigo kama kile. Mimi sio mlengwa, aliyeandikishwa ni mama mkwe, ila genge langu liko palepale wanapopita wakitoka kazini, hela yao inaishia kwangu kwenye sukari, mafuta ya kupima na madaftari ya wajukuu, kwahiyo inavyoingia na inavyotoka naiona.

Kwa asiyejua: TASAF ipo tangu 2000, mpango wa kunusuru kaya maskini ulikuja 2012, awamu yake ya pili ikazinduliwa 2020. Kaya iliyoandikishwa inatoa mtu mmoja mwenye nguvu, siku 60 kwa mwaka, na kazi kijiji ndo kinaibua chenyewe kwenye mkutano, wengine kitalu cha miche, wengine lambo, wengine kuhifadhi chanzo cha maji. Sisi barabara ya kushukia mtoni.

Sasa ujira. Awamu hiyo ya pili ni buku tatu kwa siku, na zamani ilikuwa 2,300. Ni ndogo, tusidanganyane, kilo ya sukari tu ikishatoka hapo unabaki na nini. Kibarua cha palizi kwa mtu saa nyingine kinalipa zaidi, ila kibarua hicho kipo mvua zikiwepo tu, na bosi akiamua anakulipa debe la mahindi au anakwambia njoo Jumamosi, Jumamosi ukienda kasafiri. Hii inakuja kwa jina la mama na kwa namba ya mama, na hapo ndo mimi natoa nyota nyingi.

Maana mnajua mambo ya huku, mama analima, anapalilia, anavuna, anapukuchua, alafu gunia linauzwa na mzee. Chumvi tu mama anaomba. Juzi nipo nyumbani kwao baba mkwe kaanza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, nipunguzie kidogo, wenzangu wako kilabuni," na msimu wenyewe wa ulanzi, pombe ya mianzi, mnaujua ulivyo mtamu. Mama wala hakugombana, kaendelea kuchambua mboga, "Baba, hiyo ishaandikwa kwenye daftari, nikiitoa wenzangu watanipiga faini." Mzee kacheka kaondoka. Miaka ya nyuma hayo majibu yasingetoka, na kama yangetoka yasingeishia kwa kicheko.

Daftari ni la kikundi cha kuweka akiba. Wamejikusanya walengwa wenyewe, wananunua hisa kila wiki, hela inafungiwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa akina mama watatu tofauti na sanduku kwa wa nne, yaani hata ukitaka kuiba inabidi uitishe kikao. Mama mkwe ni mmoja wa wenye funguo, anaufunga kwenye pindo la kitenge na anatembea kama mwenyekiti wa halmashauri, mtamwambia nini. Walipovunja sanduku na kugawana mwisho wa mwaka akanunua vitoto viwili vya nguruwe, jike likazaa, watoto wakauzwa, jiko likaezekwa bati. Siwezi kusema bati ni buku tatu, ila bila buku tatu hisa angenunulia nini.

Barabara yenyewe nusu kwa nusu. Bodaboda sasa zinashuka mpaka mtoni, mjamzito habebwi tena kwenye machela mpaka kwenye lami. Ila barabara ya jembe na sururu bila kalavati, mvua za Januari zinaikata palepale, mnarudi kufukia kilekile. Mniwekee kalavati hata mbili nitaongeza nusu nyota.

Kingine ni watoto. India walipopitisha sheria yao ya ajira vijijini mwaka 2005 waliandika siku 100 kwa kaya, angalau theluthi moja ya wanaofanya kazi wawe wanawake, na wakiwepo watoto watano au zaidi chini ya miaka sita hapo saiti, mtu mmoja anapewa kazi ya kuwaangalia na analipwa kama wenzake. Hicho kipengele nakitamani sana. Bibi asiyeweza tena kushika sururu angelea watoto, na mwenye mtoto mgongoni angechimba kwa amani.

Tahadhari moja kubwa, haiwahusu wenye mradi. Kuna wakala wa pesa mmoja, simtaji, akina mama wenye simu za kitochi walikuwa wanampa simu na namba ya siri awatolee, anakata ya kutolea, alafu anakata na "ya usumbufu". Mfundisheni mama kubonyeza mwenyewe, na laini iwe kwa jina lake, sio la kijana aliyepo Dar.

Kikundi chao sasa kinaandaa katiba na akaunti ya benki waombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Wakipata nitaandika na hiyo.

Na wanaoulizaga mama yangu ataingiaje, huendi kuomba ofisini na passport size. Majina yanaanza kutajwa kwenye mkutano wa kijiji, alafu ndo wanakuja kujaza dodoso kaya kwa kaya. Mkutano ukiitishwa wakati wa utambuzi awepo mwenyewe, asimtume mtoto.