Rimu ya nyuma ya spoku isiyotumia tyubu: uzoefu wangu kwenye Ténéré 700

Pikipiki ya Yamaha Ténéré 700 hutoka kiwandani ikiwa na magurudumu ya spoku yanayotumia tyubu, inchi 21 mbele na inchi 18 nyuma. Kwa sisi wa Arusha tunaopenda njia za kaskazini, suala la spoku halina mjadala, kwa kuwa rimu ya kumimina, yaani ya kipande kimoja isiyo na spoku, ikigonga jiwe vibaya inaweza kupasuka, ilhali ya spoku mara nyingi hupinda tu na kukufikisha nyumbani. Kilichokuwa kikinisumbua ni tyubu, hasa ya nyuma, kwa sababu tairi la mbele huuinua msumari uliolala na la nyuma likaukanyaga ukiwa umesimama, tena likiwa limebeba mizigo yote. Hatimaye niliagiza gurudumu la nyuma lenye rimu ya muundo mpya isiyohitaji tyubu, nikaliacha la mbele kama lilivyo.

Tofauti ya muundo inaonekana kwa macho. Katika rimu ya kawaida spoku huingia katikati ya rimu, na nipeli zake, yaani nati ndogo zinazozikaza, hutokeza ndani ya tairi, kwa hiyo kila tundu ni mlango wa upepo na hakuna budi kuweka tyubu. Katika rimu hii spoku zimeshikwa kwenye kingo za pembeni kabisa, nje ya eneo linalohifadhi upepo, na nipeli zimehamishiwa upande wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Wazo lenyewe si geni: BMW ililitumia kwenye R 100 GS mwaka 1987. Wapo pia wanaobaki na rimu ya zamani na kuziba vichwa vya nipeli kwa gundi au utepe maalumu, njia ambayo ni nafuu, lakini mimi siiamini kwenye barabara inayotikisa spoku kutwa nzima.

Fundi alihamisha sproketi, diski ya breki na pete ya sensa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga wakati wa breki) kutoka gurudumu la zamani, akafunga tairi la 150/70 R18, na upepo ukashika bila ubishi. Nilipolinyanyua kabla ya kulifunga nililiona zito kuliko la awali, na kwenye mashimo madogo ya mfululizo nyuma inarukaruka kidogo zaidi, ingawa nilipopunguza kasi ya shokapu kurudi juu baada ya kubonyea hali ilikaa sawa.

Faida yake niliionja kwenye barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ambako majivu ya volkano hufunika mawe na barabara imejikunja kama bati. Kupita kidogo Engaruka nilihisi mkia ukiyumba polepole, si ule mporomoko wa ghafla wa tyubu inayopasuka. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama kwenye mpira karibu na katikati, na mate niliyopaka yakawa yanatoa mapovu madogomadogo. Niliung'oa kwa koleo, nikalisugua tundu kwa sindano yenye meno, nikasukumia kamba ya mpira iliyopakwa gundi, nikakata ncha iliyobaki nje, kisha nikajaza upepo kwa pampu ndogo inayochomekwa kwenye betri. Gurudumu halikutoka kwenye ekseli, mnyororo haukuguswa, na mizigo ilibaki imefungwa ilipo. Wanaojua kubandua tairi la nyuma juani, kwa vyuma viwili na magoti, watanielewa.

Jambo la pili linalonifurahisha ni kwamba ninaweza kupunguza upepo ninapoingia kwenye mchanga bila hofu ya tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe. Aidha, kwa kuwa nipeli ziko nje, spoku iliyolegea hukazwa, na iliyokatika hubadilishwa, bila kugusa tairi.

Kasoro zake si za kupuuzwa. Bei ni kubwa mno kwa gurudumu moja, na nimelazimika kuhifadhi spoku za akiba nyumbani kwa sababu urefu wake na umbo la vichwa vyake havipatikani kwenye maduka yetu ya vipuri. Matope hunasa pale spoku zinapokutana na ukingo, na usipoyaosha vizuri hutaona spoku iliyoanza kulegea. Ukingo wa ndani ulioinuka, unaozuia tairi kutoka mahali pake upepo ukipungua, hufanya kulibandua kwa mkono kuwa kazi nzito kweli. Kubwa zaidi, rimu ikipinda ukingoni upepo utavuja palepale, na kamba ya mpira haitasaidia kitu. Itabidi utoe valvu na kuingiza tyubu. Ndiyo sababu tyubu ya inchi 18 bado imo kwenye mkoba wangu pamoja na ile ya mbele.

Anayetumia pikipiki yake zaidi kwenye lami ya Moshi na Dodoma asiingie gharama hii, kwani mafundi wa pancha wako kila kona. Anayekwenda Natron, Loliondo au Turkana akiwa peke yake na mizigo nyuma, namshauri abadilishe gurudumu la nyuma kwanza, na la mbele asubiri mfuko uruhusu.