Nyasi ya manyoya mekundu kutoka kitalu cha Mtwara: maoni baada ya misimu miwili ya mvua

Bustani yangu ya Shangani ni mchanga mtupu, na kwa miaka kadhaa nilihangaika na ukoka ambao kila ifikapo Agosti, mvua zikiwa zimekatika tangu Mei, uligeuka mabaka makavu hata nilipoumwagia ndoo nne kila jioni. Kwa hiyo nilipokuta katika kitalu kimoja cha miche hapa mjini nyasi ile yenye mashada mekundu tunayoizoea kandokando ya barabara na chini ya mikorosho isiyopaliliwa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Melinis repens, nilinunua viriba 12 kwa shilingi 1,500 kila kimoja. Ilikuwa mwanzoni mwa Disemba.

Nyasi yenyewe imenifurahisha kupita nilivyotarajia. Hufikia urefu wa nusu mita hadi mita moja, na shada lake changa lina manyoya laini ya rangi nyekundu iliyoiva, ambayo hupauka polepole kuwa waridi na hatimaye rangi ya fedha kadiri mbegu zinavyokomaa, kiasi kwamba shina moja huweza kubeba rangi zote tatu kwa wakati mmoja. Saa kumi na moja jioni, jua linapoyapenya mashada hayo kutoka magharibi huku upepo wa kusi ukiyalaza na kuyainua, huwa naacha kazi niliyo nayo nikatoka kuyatazama.

Kijana mmoja aliyekuwa akipita alisimama langoni akaniuliza, "Shikamoo mama. Hii si ile tunayoipalilia shambani?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, ndiyo hiyo hiyo." Swali lake lilikuwa la haki. Nyasi hii ni ya Afrika, nayo hustawi upesi kwenye udongo wa kichanga uliotifuliwa; ilipopelekwa ng'ambo ilitoroka, na huko Florida, Marekani, sasa inahesabiwa kuwa gugu linaloisonga mimea ya asili. Hapa iko kwao, lakini mbegu zake hupeperuka, hivyo simshauri mtu aliyepakana na shamba la karanga au njugu mawe aipande.

Lawama yangu ni kwa kitalu. Viriba vilijazwa samadi nyingi mno, na muuzaji alinielekeza nimwagilie asubuhi na jioni kana kwamba ninalea mchicha. Nyasi iliyozoea udongo hafifu ikishibishwa namna hiyo hurefuka haraka, mashina yake hulegea, kisha hulala chini. Minne kati ya miche yangu ililala na kuoza shinani kabla ya Februari. Minane iliyobaki niliing'oa, nikaikung'uta samadi na kuipanda upya kwenye mchanga; niliimwagilia mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, kisha nikaiachia mvua. Yote minane ilivuka kiangazi. Majani yalikauka, lakini shina lilibaki hai na likachipua mvua ziliporudi. Nilipomweleza muuzaji alinisikiliza kwa heshima, akanipa viriba viwili bila malipo, ila navyo vilikuwa na samadi ile ile. Viriba havina kibandiko cha jina, na nyasi ikiwa changa ni vigumu kuitofautisha na nyingine.

Anayetaka kuitunza aikate mwishoni mwa Oktoba, abakize urefu wa kiganja, na aache mashada machache yadondoshe mbegu, kwa sababu shina moja haliishi miaka mingi na bustani hujazwa upya na miche inayoota yenyewe. Msimu wa pili nilihesabu miche zaidi ya 30; niliyokuwa siihitaji niliing'oa kwa mkono ingali michanga.

Wapo watakaosema shilingi 1,500 ni nyingi kwa nyasi ya barabarani. Mwenye subira aweza kupukuta mbegu zilizokomaa mwezi wa Mei, azihifadhi kwenye mfuko wa karatasi na kuzinyunyiza juu ya mchanga Disemba. Mimi nilihitaji mstari uliokamilika msimu ule ule, na kwa hilo bei naiona ya haki. Nimekwisha kuwaagiza viriba sita vya upande wa lango, na tumekubaliana kwamba Septemba nitawapelekea mchanga wa nyumbani kwangu wavijaze huo.