Niliweka DSLR chini nikapiga harusi mwaka mzima na kamera isiyo na kioo, hii ndiyo hadithi yake

Sasa watu wangu, mko aje, karibuni tena. Leo niko nyumbani Umoja, mkisikia kelele huko nje ni makanga wanaita watu wa tao, tuvumiliane. Hapa mezani nimeweka kamera tatu, lenzi kadhaa na mizani ya jikoni, ile mke wangu hupimia unga wa keki, juu leo sitaki kuwaambia hii nyepesi hii nzito kwa mdomo tu, tunapima na mnaona.

Swali mmeniuliza hadi nimechoka kujibu mmoja mmoja: hizi mirolesi ndogo, yaani kamera zisizo na kioo ndani, zinaweza kuchukua kazi ya DSLR kweli ama ni za watu wa kujipiga picha wakinywa kahawa? Mimi kazi yangu ni harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mahafali, na mazishi pia, sitaficha, mazishi yanalipa kodi ya nyumba. Nimefanya hiyo kazi miaka mingi na hii hapa, Canon 5D Mark III, kamera ya 2012. Hii ya pili ni R6, ilitoka 2020, ndiyo natumia sai na imepita mwaka. Na hii ndogo hapa, R50 ya 2023, ni ya binamu yangu Rongai, amenipatia wiki mbili nijaribu.

Kwa wale wageni, dakika moja tu. DSLR iko na kioo ndani, kimelala hivi, kwa nyuzi 45, nikitoa lenzi mtakiona, hiki hapa. Mwanga ukiingia unagonga kioo unapanda juu kwa prizimu unafika kwa jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata, lile pazia dogo, inafunguka, sensa inayopokea picha inapata mwanga, kioo kinarudi, na ile kla-chak mnasikia kwa harusi ni hicho kioo na shata yake. Mirolesi wametoa kioo. Mwanga unaenda kwa sensa moja kwa moja, na ukichungulia hapa huoni dunia yenyewe, unaona skrini ndogo inakuonyesha kile sensa inaona. Shikeni hapo, tutarudi.

Twende kwa mizani. 5D na betri na kadi ndani, gramu 950. R6, 680. R50, angalia hiyo, 375. Mtu akiona hapo anasema basi imeisha, nauza kila kitu. Ngoja. Nachukua lenzi yangu ya kuvuta mbali, 70-200 ya f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), ile nyeupe ya zamani, karibu kilo moja na nusu, 1490. Kwa 5D jumla ni 2440, yaani unatembea tangu asubuhi na pakiti ya unga ya kilo mbili na zaidi shingoni. Sasa naiweka kwa R6, lakini haiingii bila adapta, ile pete ya kuunganisha lenzi ya DSLR na mirolesi, na adapta ni gramu 110, jumla 2280. Umeokoa gramu 160. Simu yako pengine ni nzito kuliko hiyo! Ile 70-200 mpya ya mirolesi yenyewe imepungua kweli, ni kama 1070, nilikodi siku moja na mgongo ulinishukuru, lakini 24-70 mpya ya f/2.8 imeongezeka, ni 900 na ile yangu ya zamani ni 805. Kwa hivyo kama unanunua kwa sababu ya uzito peke yake, jua kioo ndicho kimetoka, lenzi zimebaki na uzito wake, juu picha kubwa na mwanga mwingi zinataka kioo cha lenzi kikubwa, hakuna njia ya mkato hapo.

Kitu kilichonibadilisha mimi ni kingine kabisa.

Fikiria bibi harusi wetu, ngozi yake nyeusi nzuri inang'aa, amevaa gauni jeupe, bwana harusi ako na suti nyeusi, ni saa saba mchana pale Arboretum na jua limesimama juu ya kichwa. Hiyo ndiyo picha ngumu kuliko zote kwa kazi yetu. Kamera ikisoma gauni inaogopa weupe, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unaingia giza. Ikisoma suti inaongeza, na gauni linaungua, ile lesi yote mama yake alilipia inakuwa karatasi nyeupe. Na DSLR nilikuwa napiga, nashusha kamera, naangalia skrini nyuma nimeifunika na mkono juu ya jua, narekebisha, napiga tena, na wakati nainua kichwa, kile kicheko kimeenda. Hicho kicheko hakirudi. Unaweza kuwaambia wacheke tena na watacheka, lakini si kile.

Na hii R6 naona kwa tundu la kuchungulia kabla sijabonyeza. Nazungusha gurudumu hapa, uso unakuja, unakuja, gauni bado liko na lesi yake, hapo napiga. Grafu ya mwanga iko pale kwa kona ndani ya tundu. Sijashusha kamera hata mara moja. Mtu akiniuliza mirolesi ina faida gani, hiyo ndiyo namba moja kwangu, inanipatia nyuso za watu wetu vile ziko na inanipatia kwa mara ya kwanza.

Halafu macho. 5D iko na pointi 61 za fokasi lakini zimejazana katikati, kwa hivyo nikitaka uso uwe pembeni nafokasi katikati halafu nasogeza kamera, na kwa f/1.8 ukisogea kidogo tu pua iko kali na macho yameyeyuka. Niko na picha nyingi za hivyo, kwa kompyuta hii hii. R6 inashika jicho yenyewe na kulifuata hadi pembeni ya fremu, bibi harusi anatembea kwa zulia na kile kisanduku kidogo kimekaa kwa jicho lake. Na usiku inafokasi mahali 5D ilikuwa inazunguka zunguka tu ikitafuta.

Kuna siku moja kanisani, sitataja ni wapi, wakati wa viapo, kumetulia kabisa, mzee wa watu ako na sauti ya chini anamwambia bibi yake mambo yao, na mimi kla-chak, kla-chak, na hapo nilikuwa nimeiweka kwa ile ya kupiga kimya ya 5D, ambayo ni kimya kidogo tu. Pasta akasimama akasema kwa maiki, "Ndugu mpiga picha, tafadhali, hebu tuwape nafasi." Kanisa lote likageuka. Nilisikia vibaya sana, si kwa sababu ya watu, ni juu alikuwa na haki, ile ilikuwa saa yao na mimi niliingia katikati. Na R6 naweka shata ya elektroniki, haitoi sauti hata kidogo, mazishi nayo ndiyo usiseme, unaweza kusimama karibu na familia na usiwaguse.

Lakini msikimbie dukani bado. Hiyo shata ya kimya iko na makosa yake na hakuna mtu aliniambia, nilijifunza kwa kazi ya mtu. Moja, flashi haiwaki nayo kwa R6. Mbili, inasoma sensa mstari kwa mstari, kwa hivyo kitu kikienda mbio kinapinda, nilipiga wachezaji wa isukuti, mkono wa mpigaji ngoma ukatoka kama umevunjika kwa kiwiko. Tatu ndiyo mbaya: taa za LED za hema. Stima yetu ni ya hezi 50, na hizi taa za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, wewe huoni lakini sensa inaona, na picha inatoka na mistari kama shuka. Nilipoteza keki yote hivyo, kukata keki kote mistari. Dawa ni kushusha kasi ya shata hadi 1/100 ama 1/50 ya sekunde ndiyo mwanga uzunguke mzima, ama urudi kwa shata ya kawaida. Piga picha moja ya majaribio ndani ya hema kabla watu hawajaingia, ikuze, angalia ukuta. Usiache hiyo.

Betri. 5D ilikuwa inapiga kama 950 kwa betri moja vile kampuni yenyewe inahesabu, R6 ukichungulia kwa tundu ni chini ya 400, juu sensa na skrini ziko macho wakati wote hata kama hupigi. Harusi ya kutoka saa kumi na moja asubuhi kwa kina bibi harusi hadi usiku, mimi nabeba betri nne. Na usichaji asubuhi ya kazi, kama harusi ni Jumamosi chaji usiku wa kuamkia Ijumaa, stima ikipotea uko na siku moja mbele. Na usinunue betri kwa bei rahisi inayokushangaza, niliuziwa moja hapo tao ikiwa na stika safi kabisa, ikafura ndani ya kamera nikaitoa kwa kuvuta na koleo.

Vumbi nalo. Kwa DSLR ukitoa lenzi kuna kioo na shata mbele ya sensa. Kwa mirolesi sensa iko hapo mlangoni. R6 inafunga shata ukiizima, kwa hivyo zima kwanza, elekeza chini, ndiyo ubadilishe. Nilienda Naivasha kwa Safari Rally, ile imerudi kwa mashindano ya dunia tangu 2021, na lile vumbi la kule ni kama poda, gari likipita huoni mkono wako. Siku hiyo nilibeba kamera zote mbili, 5D na lenzi ndefu, R6 na fupi, na sikubadilisha lenzi hata moja hadi jioni. Na niseme ukweli, kwa gari linalokuja moja kwa moja, lile tundu la 5D la kuona dunia yenyewe bado nalipenda, jicho halichoki.

R50 sasa, juu najua wengi wenu bajeti inaangalia hapa. Na lenzi yake ya 18-45, gramu 505 jumla. Nimetembea nayo Biashara Street hadi Jeevanjee imekaa kwa kibegi cha kawaida na hakuna mtu aliniangalia mara mbili, wala mlinzi wa jengo kuniuliza kibali kiko wapi, na 5D huwa wananiuliza kila mlango. Picha zake mchana ni safi, megapikseli 24, inashika macho vizuri. Kwa watoto, safari, biashara yako ya nguo mtandaoni, nunua na usirudi nyuma. Lakini kulipwa harusi nayo peke yake, mimi sitafanya hivyo, na sababu ni moja: iko na nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikikufa harusi ya mtu imekufa nayo, utamwambia nini? R6 na 5D zinaandika kwa kadi mbili, na hapo silegezi. Pia ile lenzi inaanza f/4.5, jioni kwa hema inatafuta mwanga kwa shida, na ukiifungia lenzi kubwa mkono wako wote wa kulia unashika kitu kama sabuni, kidole kidogo hakina mahali.

Na wateja watashangaa, mjue. Mama wa bibi harusi mmoja kule Kikuyu alinishika mkono kando akaniuliza, "Kijana, kamera yenyewe umeacha kwa gari?" Nikamwonyesha picha ya mtoto wake hapo hapo kwa skrini. Akaniambia nipige na shosho pia.

Kwa hivyo fanya hivi kama uko na DSLR na lenzi nzuri: usiuze lenzi. Lenzi za EF, zile za DSLR za Canon, zilitengenezwa zikae milimita 44 kutoka kwa sensa, hizi mpya za RF, za mirolesi, ni 20, ile nafasi ya katikati ndiyo adapta inajaza, ndani hakuna kioo chochote cha kuharibu picha, tazama, naweka kidole kinapita. Zangu zote zinafokasi vizuri kwa R6 kuliko zilivyofokasi kwa 5D. Nunua bodi, yaani kamera bila lenzi, nunua adapta, lenzi mpya zitakuja moja moja kazi ikilipa.

Kama huna kitu na unaanza na pesa kidogo, DSLR ya mtumba si dhambi, bei zimeshuka na bado inapiga vile ilipiga jana. Ila jua tangu 2020 Canon na Nikon hawajaleta DSLR mpya, Sony waliacha zao kabisa, ni Pentax peke yake bado anashikilia kioo. Kwa hivyo ulizia idadi ya shata, yaani imepiga picha ngapi, kabla ulipe. Shata ya 5D Mark III ilitengenezwa ihimili picha 150,000, ukiambiwa "imetumika kidogo tu" omba namba.

Yangu imepita hapo zamani na bado inalia kla-chak vizuri. Naipeleka Rongai kesho pamoja na hii R50, binamu yangu anataka kujifunza harusi na kadi mbili ni kadi mbili. Betri ndizo sijampa zote, nimebaki na tatu, juu betri za 5D zinaingia hapa kwa R6, kasi ya kupiga inapungua kidogo lakini zinaingia, na Jumamosi niko na ruracio Murang'a kutoka asubuhi.