Nyumbani king'amuzi kipo, lakini mpira naangalia bandani Ngarenaro

Naandika hii kwa ajili ya wana Chuga, yaani Arusha, na wageni wanaotafuta pa kuangalia mpira mjini, maana kila mtu anaelekezwa zile baa kubwa zenye skrini kila ukuta na bei za kitalii, mabanda ya mtaani ya kulipa kiingilio hakuna anayeyataja. Mimi nyumbani king'amuzi kipo, kifurushi nalipia, na nikitaka mechi naachiwa rimoti bila ugomvi, lakini Jumamosi ikifika navaa koti langu huyo naelekea bandani Ngarenaro. Mazuri na mabaya yake nitayasema yote.

Banda lenyewe halina kibao. Ukitokea upande wa uwanja wa Sheikh Amri Abeid ingia mitaa ya Ngarenaro ulizia banda la mama, hata mtoto atakupeleka. Ni mabati juu na pembeni, chini kokoto, mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea, na tv mbili kubwa mbele, moja inakuwa na Uingereza nyingine ligi yetu, zikigongana sauti inawekwa ile yenye watu wengi na hapo kunakuwa na ubishi kidogo alafu yanaisha. Kiingilio mechi za kawaida 500, mechi kubwa buku (1,000). Mlangoni kuna ubao wa chaki ameandika ratiba ya wiki nzima, na kitu kimoja nampendea huyu mama mwenye banda ni mwepesi na mda, mwishoni mwa Oktoba Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, zile mechi za saa 11 jioni zinahamia saa 12, yeye anaandika mapema na kupigia mistari miwili chini yake ili mtu asije akakaa bure lisaa lizima. Kuna mabanda unafika unakuta hata mwenye banda mwenyewe hajui.

Picha iko vizuri, sauti nzuri, umeme ukikatika kuna jenereta ila kuliwasha ni shughuli, dakika 5 mpaka 10 zinaondoka na goli linaweza kuingia hapo katikati. Kahawa ya tangawizi ipo na kashata, mihogo ya kukaanga na pilipili ipo, na lile baridi la mwezi wa 7 usipokunywa hiyo kahawa utaondoka half time. Mama alishafuatwa aweke mashine za dubwi, zile za kamari, pale pembeni, akakataa katakata, alisema watoto wanapita hapa wakitumwa sukari. Kwa hela angeingiza vizuri tu. Na mtu akimtukania mwenzie mama yake anatolewa nje hata kama ameshalipa, haijalishi ni nani, ndo maana siku hizi naona na madada wanakuja wanakaa wanaangalia kwa amani.

Sasa kitu ambacho hukipati kwenye baa za mjini. Kuna mzee mmoja anakaa benchi la pili pembeni kabisa, anakuja na redio yake ndogo ya betri, macho kwenye tv sikio kwenye redio, anasema watangazaji wa redio ndo wanajua kueleza mpira. Shida ni kwamba redio inatangulia, tv ya dishi inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mzee anajua kabla yetu. Zamani alikuwa analipuka kabisa watu wanalalamika mzee unatuharibia, basi mama akaweka utaratibu, mzee anaruhusiwa redio ila asiseme kitu. Anajitahidi kweli. Lakini Yanga wakipata kona utaona anashika kofia, akiishika kwa mikono miwili benchi zima linasimama kabla hata kona haijapigwa, na kweli goli linaingia. Machalii wenye simu nao ni hivyo hivyo, taarifa za mikeka ya kubeti zinawahi kuliko tv, sheria ni moja, ukijua nyamaza. Kila mtu pale anataka goli limkute na wenzake wote kwa pamoja, sio mmoja alijue mwenyewe kwenye kioo cha simu.

Najua mpira ni biashara, hilo sibishi na mtu. Mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi yetu ziliuzwa kwa Azam miaka 10 kwa bilioni 225.6, na hela imesaidia, timu za mikoani angalau zinasafiri na kulipa wachezaji, na sisi tunaona mechi ambazo zamani tulikuwa tunazisikia redioni tu. Huku kwetu Oljoro JKT walishuka Ligi Kuu 2014, kwa hiyo mpira mkubwa Arusha tunauishi kwenye tv zaidi, mpaka Simba au Yanga waje Amri Abeid ndo mji unasimama. Sasa hivi kuna uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, na kila mtu anaongelea viwanja vya kujenga gesti, bei za ardhi, watalii. Sawa, tufaidike. Ila ukikaa bandani hakuna anayeongelea gesti, wanaongelea nani atampeleka mzee wa redio uwanjani.

Nakumbuka ile Aprili 2021, klabu 12 kubwa za Ulaya zilipotangaza Super League yao, ligi ya matajiri isiyo na kushuka daraja. Banda zima lilikaa kimya kwanza, maana 6 kati ya hizo ni za Uingereza, na ndo hizo hizo tunazozishabikia hapa, Arsenal, Chelsea, Liverpool, City, United na Spurs. Kuna mkaka mmoja fundi simu, Liverpool damu, alivua jezi akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa rambo, akasema mimi sijawahi kufika Liverpool na sitafika, nilichokuwa nacho ni kwamba timu yangu inaweza kufungwa na kila mtu na nikaumia, wakiondoa hicho mimi nimebaki na nini. Zile siku mbili tulikuwa tunafuatilia kuliko hata ligi. Tarehe 20 mashabiki wa Chelsea wakajaa barabarani nje ya Stamford Bridge mpaka basi la timu likakwama, na usiku ule klabu zote 6 za Uingereza zikawa zimejitoa au zimetangaza zinajitoa. Jamaa kesho yake alikuja na jezi yake imepigwa pasi. Na sio mara ya kwanza mashabiki kukataa, mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London iliporuhusiwa kuhamishiwa mji mwingine, Milton Keynes, mashabiki wao wakaanzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini kabisa na 2011 wakaingia ligi ya daraja la nne. Timu ilihamishwa ila watu walibaki, na watu ndo wakatengeneza timu nyingine.

Mtu anayesema sisi wa Arusha tunajipendekeza kwa timu za Wazungu ambazo hata hazitujui, aje akae pale siku moja. Tarehe 1 Machi 2020 fainali ya Carabao, kombe la ligi la Uingereza, pale Wembley, Aston Villa na City, Samatta wetu yuko ndani na Villa. Watu wa United, Arsenal, Chelsea wote siku ile walikuwa Villa, na alipopiga kile kichwa goli likaingia mabati yalitetemeka yani nilidhani tunaangukiwa, watu wanakumbatiana hawajuani majina. Villa walifungwa 2-1 mwisho wa siku lakini nani anakumbuka huzuni, tunakumbuka mtoto wa Mbagala kafunga Wembley.

Na huzuni tunazo. Mimi Yanga. Juni 2023 tulienda Algiers tukashinda 1-0 na kombe la Shirikisho tukalikosa kwa sababu ya goli la ugenini, maana nyumbani Dar tulishafungwa 2-1, jumla ikawa 2-2 na wao wana magoli mawili ya ugenini, sisi moja. Kipenga cha mwisho nilikaa pale benchi siwezi kunyanyuka. Jirani yangu wa benchi ni Mnyama lialia, Simba damu, mechi nzima alikuwa anashangilia Waarabu bila aibu, lakini alivyoniona vile akaenda akarudi na vikombe viwili vya kahawa akakaa hakusema neno. Kejeli zake zilianza kesho yake asubuhi, kwa simu. Mei 2025 Simba nao walipokosa kombe hilo hilo mbele ya Berkane ya Morocco kule Zanzibar kahawa nilinunua mimi, na kejeli nikasubiri asubuhi, ndo utaratibu wetu.

Kubwa kuliko yote kwangu ni hili. Kuna kijana wetu wa bodaboda, Arsenal, alipata ajali akavunjika mguu akalazwa hospitali ya Mount Meru. Wiki hiyo ilikuwa Arsenal na Spurs, mechi ya buku, banda linajaa mpaka watu wanasimama. Mama akaandika kwenye ubao, kwa chaki ile ile, kiingilio cha leo ni cha mguu wa fulani. Watu wa Spurs ni wachache sana pale lakini walitoa zaidi ya buku, na mmoja shabiki wa United ambaye kila siku wanagombana na huyo kijana kuhusu nani ana historia ndo alipeleka hela hospitali na kumsimulia mechi dakika kwa dakika kitandani. Hakuna kikao kilichokaa wala kiongozi aliyechaguliwa. Walikuwa wanajuana kwa sababu ya mpira, basi.

Mabaya sasa. Choo ni kimoja na ni cha wapangaji wa jirani, half time kuna foleni na kwa akina dada sio rafiki kabisa. Masika mvua ikipiga mabati humsikii mtangazaji hata sauti ikiongezwa mwisho. Mabenchi yanaumiza mgongo, mtu mwenye matatizo ya kiuno alete mto. Na linalonipa wasiwasi kweli, mlango ni mmoja na mwembamba, siku ya dabi watu wanazidi uwezo wa lile banda, likitokea lolote hatutoki salama.

Banda nalipatia nyota 4 kati ya 5. Ukija dabi ya Kariakoo fika saa 9 mchana sio saa 11, Simba wanakaa upande wa mlangoni, Yanga upande wa jenereta, mgeni asiye na upande akae katikati nyuma ya mzee wa redio aangalie ile kofia. Bei za vifurushi zimepanda na mama bado hajapandisha kiingilio, kwa hiyo nunueni kahawa na mihogo yake. Na mama kama utasomewa hii na wale machalii wako, shikamoo, tunaomba mlango wa pili upande wa jenereta kabla ya dabi ijayo, mafundi seremala tunao watatu humo humo bandani na mbao tutachanga.