Ufaransa ya Louis XIV na Uingereza ya 1689

Tangu 1661 Louis XIV alitawala mwenyewe, bila waziri mkuu. Baraza la matabaka matatu, yaani makasisi, makabaila na watu wa kawaida, halikuitishwa kati ya 1614 na 1789. Uingereza mfalme alifungwa mikono: James II alikimbia 1688, na sheria ya 1689 ikakataza kodi isiyo na ridhaa ya bunge.

Mimi huzipima nchi hizi kwa wakimbizi wake. Louis alipofuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, mwaka 1685, Waprotestanti kwa maelfu, wafumaji wa hariri wakiwemo, walihamia London, Amsterdam na Berlin. Uingereza nayo haikuwa pepo. Wakatoliki walinyimwa viti bungeni. Lakini mwaka 1695 iliacha kukagua vitabu kabla ya kuchapwa, ilhali Paris wakaguzi wa mfalme waliendelea na kazi yao.